Muuguzi mmoja, naye anaenda likizo: mke wangu ajifungulie wapi?

*"Daktari, shikamoo. Nakuandikia kutoka kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Rukwa. Mke wangu ana mimba ya wiki 29, ni ya nne. Uzazi uliopita alijifungulia zahanati ya kijiji, mtoto akatoka salama, lakini mama alimwaga damu mpaka akazimia. Tulimkimbiza hospitali kwa boti, akaongezewa chupa mbili. Sasa hivi zahanati ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Tabibu alihama mwaka jana na hajaletwa mwingine. Muuguzi ameshatuambia kwamba siku za kujifungua zitamkuta likizo. Mhudumu anasema tusiogope, ameshazalisha wengi. Mama mkwe anasema kama ni hivyo bora nyumbani, kwa mkunga wa jadi anayemjua. Kaka yangu anakaa mjini karibu na hospitali, ila mke wangu hataki kwenda kukaa kwa watu, na boti zinatoka Jumatatu na Alhamisi tu. Je, zahanati isiyo na daktari ni salama? Na kwa nini tunajengewa majengo mazuri halafu hatuletewi watu?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Mke wako asijifungulie kwenye zahanati hiyo, wala nyumbani. Na hata muuguzi akiahirisha likizo yake, jibu langu ni lile lile. Ajifungulie hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, na awe ameshafika mji huo kabla uchungu haujaanza.

Umeuliza kama zahanati isiyo na daktari ni salama. Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila siku, na linawapeleka watu kwenye hofu isiyo yao. Uzazi wa kawaida hauhitaji daktari. Unahitaji mkunga aliyefundishwa, mwenye dawa, maji, mwanga na usafiri wa kumwondoa mama mambo yakiharibika. Wanawake wengi sana nchini wamejifungua salama mikononi mwa muuguzi mkunga peke yake, na mimi mwenyewe nilifundishwa kukata kitovu na mama mmoja muuguzi ambaye hajawahi kuitwa daktari maishani mwake. Kwa hiyo kukosekana kwa daktari si shida yenu ya kwanza. Shida yenu ya kwanza ni hesabu.

Wiki ina saa 168. Mtumishi wa serikali anatarajiwa kufanya kazi saa 40. Ili kiti kimoja kisibaki wazi usiku na mchana unahitaji watu wanne na kitu. Ukiweka likizo ya siku 28, semina ya wilayani, homa na msiba, unahitaji watano. Hapo tunazungumzia kiti kimoja. Chumba cha kujifungulia kinahitaji jozi mbili za mikono, moja ya mama na nyingine ya mtoto, maana wote wawili wanaweza kubadilika ndani ya dakika ile ile. Ndiyo maana ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 iliipangia zahanati watumishi wasiopungua 15. Watu waliiona namba hiyo wakacheka, wakadhani ni ndoto za ofisini. Ukikaa ukapiga hesabu ya zamu unaona si nyingi.

Kwa hiyo mtu anapokuambia "tunaye muuguzi", muulize: yuko zamu gani? Muuguzi wenu huyo asubuhi anapima watoto uzito na kuchanja, mchana anatibu malaria kwa niaba ya tabibu aliyehama, jioni anajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu na takwimu za zahanati, usiku anagongewa dirisha. Mama mwenye uchungu anatakiwa kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu unavyokwenda. Sasa aandike saa ngapi?

Nimewahi kuwa huyo mtu mmoja. Miaka hiyo nilikuwa tabibu kijana kwenye zahanati ya matofali mabichi, na mlangoni niliandika kwa chaki "Nipo nyumbani, gonga." Usiku mmoja waligonga watu wawili kwa pamoja, mmoja na mtoto anayedegedeka, mwingine na mkewe ambaye kichwa cha mtoto kilishaonekana. Nilishika tochi kwa meno nikampokea mtoto wa yule mama, huku nikimwelekeza bibi wa yule mgonjwa kwa kelele jinsi ya kumlaza mjukuu wake ubavu. Wote walipona. Lakini mpaka leo nikisikia mtu anajisifu kwamba "hapa tunamudu hata kwa mtumishi mmoja", ladha ya ile tochi inanirudi mdomoni. Ile ilikuwa bahati, na mimi sina namna ya kukuandikia bahati kwenye karatasi ya dawa.

Turudi kwa mke wako, kwa sababu yeye ana jambo lake la pekee: damu.

Mji wa mimba ni misuli iliyosukwa huku na huku, kama ukili. Katikati ya misuli hiyo inapita mishipa inayolisha kondo la nyuma, na mimba ikikomaa damu inayopita hapo ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Kondo likishabanduka, mishipa yote ile inabaki midomo wazi. Kinachoifunga ni misuli yenyewe kukaza na kuibana, kama mkono unaokamua nguo. Ikikaza, mama anatoka damu kidogo tu. Ikilegea, damu inamwagika, na mama aliyekuwa anacheka na mtoto wake anaweza kufa ndani ya saa mbili. Misuli hulegea zaidi kwa mama aliyezaa mara nyingi, mwenye mapacha, aliyekaa na uchungu muda mrefu, na kwa yule ambaye iliwahi kulegea huko nyuma. Mke wako yumo kwenye kundi hilo la mwisho. Si lazima ijirudie, ila nafasi ya kujirudia ni kubwa kuliko kwa mwenzake ambaye haijawahi kumpata.

Dawa ipo, na si ya ajabu. Mtoto akitoka tu, mama anachomwa sindano ya oksitosini ili misuli ikaze. Lakini dawa hiyo inataka kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji ya zahanati ikikaa muda mrefu bila gesi au sola, dawa iliyomo kwenye kichupa hupungua nguvu, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kuhitajika. Pale isipopatikana kuna vidonge vya misoprostoli, ambavyo havihitaji friji. Naomba unielewe vizuri hapa: vidonge hivyo kwa kazi hii hupewa mama baada ya mtoto kutoka, na mtu aliyefundishwa. Kuna watu hununua dukani wakampa mama "kuongeza uchungu". Hiyo inaweza kupasua mji wa mimba. Dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu nazo ni hivyo hivyo, hata kama anayezitoa ni bibi mwenye nia njema.

Zipo na dawa nyingine za kusaidia damu igande, ipo dripu, upo ujuzi wa kuukanda mji wa mimba kwa mkono. Vyote hivyo zahanati yenye mkunga mzuri inaweza kuvifanya. Isichoweza ni kumwongezea mama damu. Mke wako safari iliyopita aliokolewa na chupa mbili, na chupa hizo hazikuwa kijijini. Ndiyo maana nimesema hata muuguzi akiwepo, jibu langu halibadiliki.

Kwa kuwa uko mwambao wa Tanganyika, nikupe kisa cha jirani zenu. Kigoma, miaka ya 1984 hadi 1991, Dokta Godfrey Mbaruku na wenzake kwenye hospitali ya mkoa walishusha vifo vya kina mama wanaojifungua hapo kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hawakuletewa jeshi la wataalamu. Kwa sehemu kubwa walitumia watu na vitu vilivyokuwa karibu. Baadaye huko huko Kigoma yeye na watafiti wengine wakatumia kipimo ambacho kila nyumba inacho: kanga. Waliona kwamba kanga mbili zikilowa chapa chapa, mama ameshapoteza zaidi ya nusu lita, yaani ameingia hatarini, na wakunga wa jadi wakafundishwa kutambua hivyo. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji umeme wala cheti. Kwa mke wako lakini nakipunguza: kanga moja ikilowa, msisubiri ya pili.

Sasa mhudumu. Sitaki umdharau. Vijijini wahudumu wamebeba mzigo ambao haumo kwenye mkataba wao, na wapo wenye mikono kuliko baadhi ya waliosoma. Akikuambia amezalisha wengi, huenda ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba "wengi" wake ni wale ambao wangejifungua salama hata kama angekuwa anawaangalia tu. Ujuzi tunaoutafuta ni wa yule mmoja anayeharibika, na kwa huyo mhudumu hakufundishwa. Mkunga wa jadi vile vile. Tena yeye ana kitu ambacho hospitali nyingi hazina: anamjua mke wako kwa jina, atamshika mgongo usiku kucha na hatamfokea. Msimwache nje. Mama mkwe akikubali, huyo bibi aende naye mjini kama msindikizaji.

Njia zilizopo mbele yenu ni tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kusubiri kijijini na kuondoka uchungu ukianza. Hii ndiyo wengi huichagua, kwa sababu haigharimu chochote mpaka siku yenyewe. Kwenu siishauri hata kidogo. Uzazi wa nne unaweza kwenda kasi, boti ni Jumatatu na Alhamisi, na wewe wa ziwani unajua upepo wa kusi unavyoweza kuwafungia nchi kavu.

Ya pili ni kituo cha afya kilicho karibu. Vingi vimekarabatiwa au kujengwa tangu 2017, baadhi kwa tozo za miamala ya simu zilizoanza 2021, na vimewekewa vyumba vya upasuaji. Ni njia nzuri, lakini nenda ukaulize kwanza. Usiulize kama wana chumba cha upasuaji, kwa sababu chumba watakuonyesha, kinang'aa. Uliza hivi: usiku wa kuamkia Jumapili, mpasuaji na mtu wa usingizi wako hapa? Damu mnayo kwenye friji au mnaifuata hospitali? Wakisita kujibu, umeshajibiwa.

Ya tatu ni kusogea karibu na hospitali kuanzia wiki ya 37. Hospitali nyingi za wilaya na za mashirika ya dini zina nyumba ya kina mama kusubiria; Dodoma wanaiita chigonela. Mama analala hapo, anapika na wenzake, uchungu ukianza anatembea hatua chache mpaka wodini. Tatizo ni chakula, sabuni, na nani atabaki na watoto watatu. Huduma ya uzazi kwa sera ni bure, ila andaa fedha ya vifaa na ya kujikimu; nimeona familia zikirudi nyumbani wiki ya 39 kwa sababu unga uliisha. Pima hilo sasa hivi, kabla ya kuuza mahindi yote.

Mimi ningechagua hii ya tatu. Lakini mke wako hataki kwenda kukaa kwa watu, na hapo naomba uende taratibu. Umemuuliza ni kwa nini? Mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa anaona aibu kuomba maji ya kuoga kwenye nyumba ya shemeji yake, anaogopa kuonekana mvivu asipoosha vyombo, na mama yake mzazi hawezi kwenda kulala huko maana nyumba ya wakwe ina heshima zake. Hayo si maringo. Chigonela huondoa sehemu kubwa ya hayo, kwa sababu pale hakuna mwenyeji wala mgeni, na mama yake anaweza kufuatana naye. Kaka yako abaki mtu wa kuleta chakula na wa kuchangia damu. Halafu mweleze mwenyewe habari ya misuli na mishipa kama nilivyokueleza wewe. Ni mwili wake. Mara nyingi tunawapangia kina mama safari bila kuwaambia kilichowapata safari iliyopita.

Kuanzia sasa mpaka hapo, aendelee na kliniki bila kuruka. Apimwe wingi wa damu. Ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita atibiwe, maana mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku hata kama vinamchafua tumbo. Kundi lake la damu liandikwe kwenye kadi, na historia ya kumwaga damu iandikwe juu kabisa, kwa kalamu nyekundu kama ipo. Nimeona mama akifika hospitali na kadi isiyosema lolote, naye kachoka hawezi kueleza.

Kuhusu majengo bila watu: jengo hulipiwa mara moja, mtumishi hulipwa kila mwezi mpaka anastaafu. Fedha ya jengo inaweza kutoka kwa mfadhili, mbunge, michango yenu ya mawe na mchanga. Fedha ya mshahara inatoka mfuko mmoja wa serikali wenye ukomo, na kila ajira inataka kibali. Mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007, wengi mnaufahamu kama MMAM, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zilienda mbio kuliko vibali. Kabla ya hapo miaka ya 1990 ajira zilisimamishwa na watu wakapunguzwa kazini, na mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliondoa watumishi wa umma 9,932 kwa pamoja, wakiwemo wa afya. Ajabu ni kwamba leo wapo vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi wanaouza vocha mjini huku zahanati yenu ikiwa na muuguzi mmoja. Kwa hiyo anayesema "nchi haina wauguzi" amekosea kidogo. Wapo, hawajaajiriwa, na wakiajiriwa, hawabaki.

Kwa nini hawabaki? Wengi watakujibu mshahara. Mimi nadhani mshahara ni nusu ya habari. Binti wa miaka 24 anapangiwa mwambao, anashuka kwenye boti na godoro lake, anaonyeshwa chumba kisicho na kitasa. Mwenzi wake yuko kazini mkoa mwingine. Hana mwenzake wa kumuuliza jambo, hana wa kumpokea zamu, na mama akifa mkononi mwake kijiji kinamtazama yeye. Mwaka wa pili anaomba uhamisho au anaenda kusoma. Kumbuka ile hesabu ya saa 168: upungufu wenyewe ndio unaofukuza waliobaki. Shirika la Afya Duniani, kwenye miongozo yake ya 2010 na ya 2021, linasisitiza kuwachukua wanafunzi waliozaliwa vijijini na kuwafundishia huko huko, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kukaa. Kama kuna binti kijijini kwenu amefaulu sayansi, mtazameni kwa jicho hilo.

Kijiji nacho hakikosi la kufanya. Kamati ya usimamizi ya zahanati ni ya wananchi; iandike barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ieleze tarehe za likizo ya muuguzi na idadi ya kina mama watakaojifungua kipindi hicho, iombe mtu wa kushika nafasi. Barua yenye majina ya miezi na idadi husomwa tofauti na barua ya kulalamika. Zipo halmashauri zinazoajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani. Na ile nyumba ya mtumishi, wekeni kitasa. Likizo ya muuguzi lakini msiizuie. Ni haki yake, na mkimnyima, mwakani hamtakuwa naye.

Kuna mambo ambayo hayangoji boti wala wiki ya 37. Akitoka damu kabla ya uchungu, hata kidogo. Akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu au nyota machoni, akivimba uso. Mtoto akiacha kucheza. Chupa ikipasuka kabla ya wakati. Homa au degedege: piga simu saa hiyo hiyo, na mpelekeni hospitali kwa chombo chochote kilichopo. Namba ni 115, bila malipo, ya mfumo wa m-mama ulioanza kusambazwa nchi nzima 2022. Hupanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Piga mapema kwa ajili ya kuuliza tu, ujue upande wenu wa ziwa wanatumia chombo gani, na simu inashika mtandao ukisimama wapi. Zungumza pia na mwenye boti ya injini, mkubaliane bei ya usiku kabla usiku haujafika.

Kwa hesabu uliyoniandikia, wiki ya 37 iko wiki nane kutoka leo. Toa moja, kwa ajili ya upepo. Siku ya kliniki ijayo nendeni wote wawili, umwombe muuguzi aandike rufaa mapema kabla hajaondoka likizo, na umuulize hospitali ya wilaya yenu ina nyumba ya kusubiria yenye vitanda vingapi. Kama vimejaa, hapo ndipo umpigie kaka yako.